Povu Katika Mrija wa Dada Yangu

Nilipoliona lile povu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa peke yangu maabara, saa nne asubuhi, nimeinama juu ya mrija wa kioo mwembamba kama kidole. Ndani yake, pale maji yanapokutana na hewa, palikuwa na pete nyeupe ya povu iliyozunguka yote bila kukatika. Maana yake ilikuwa kwamba mtoto aliyekuwa tumboni mwa dada yangu amekomaa mapafu. Angeweza kutolewa kesho yake na akapumua.

Saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo nilijua kwamba povu lile halikuwa la mtoto.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya kaskazini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea kemia, na nikapata kazi ya majaribio katika maabara ya hospitali moja mjini Kigali. Nyumbani kwetu ni Kimisagara, ambako baba alikuwa na cherehani mbili mbele ya nyumba. Kila asubuhi aliniuliza kama wameshaniandikia barua ya kuajiriwa kabisa, na kila asubuhi nilimjibu bado, kisha nikapanda mlima kwenda hospitali nikijiuliza kwa nini bado, nani amesema nini juu yangu, na kama salamu yangu ya jana kwa mkuu wa utawala ilikuwa ndefu mno au fupi mno. Ndivyo nilivyo. Jambo la kufikiriwa mara moja mimi hulifikiri mara tatu, na ile mara ya tatu ndiyo huniharibia.

Maabarani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee mmoja aliyejifunzia kazi Bukavu, mwenye Kiswahili cha huko na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniita Lisansie, kwa sababu ya ile lisansi, shahada niliyokuja nayo kutoka chuoni. "Lisansie, leta damu ya kitanda kumi." "Lisansie, na weye unajua kufagia, ao hawakufundisha?" Nilimpenda, lakini sikumuuliza kitu. Niliogopa kwamba nikiuliza, atajua sijui. Baada ya mwaka wa tisini na nne sikumwona tena, na hadi leo sijampata mtu wa kuniambia aliko.

Daktari wa wodi ya wazazi alikuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji miezi michache nyuma. Siku moja alikuja maabara na bahasha kubwa, akatoa filamu nyeusi na kuibandika kwenye kioo cha dirisha, maana ile taa ya kusomea eksirei ilikuwa imeungua.

"Hii si eksirei," alisema. "Hii imepigwa kwa sumaku. Mama analazwa ndani ya mashine kama bomba kubwa, sumaku inafanya kazi yake, na picha inatoka. Hakuna mionzi, hakuna sindano."

Kwa Kifaransa aliiita IRM. Siku hizi wengi wanasema MRI. Nilisogea. Niliona mfupa wa mgongo wa mama, kisha duara la tumbo lake, na ndani ya duara, kichwa chini, mtu mdogo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, lakini sikuwahi kumwona mtu ambaye hajazaliwa akiwa amekaa ndani ya mtu mwingine namna ile, mzima, amekunja magoti. Daktari aliweka ncha ya kalamu kifuani pa yule mtoto.

"Haya mapafu. Yamejaa maji, ndiyo maana yanang'aa. Unaona yalivyojaza kifua? Wenzetu wanapima ukubwa wake, wanaangalia rangi yake, wanatafuta njia ya kujua kama yamekuwa. Bado wanajaribu. Na mtoto akicheza tu, picha inavurugika, basi wanamlaza mama kwa dawa ili naye atulie."

"Sasa huku kwetu, Dogiteri?" mzee aliuliza.

"Huku kwetu tuna wewe, mzee, na mrija wako."

Mzee alicheka hadi miwani ikateleza. Mimi sikucheka. Usiku ule na nyusiku nyingine nyingi nilikiona kile kifua kinachong'aa. Nilikuwa najua kwa nini. Dada yangu, mkubwa wangu wa pekee, alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu, na hakuwa na mtoto.

Wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili alizaliwa kabla ya siku zake. Nilikuwepo. Aliishi tangu alfajiri hadi adhuhuri, na muda wote huo mbavu zake zilikuwa zikizama ndani na kutoka, kama mtu anayepuliza puto lililobandikana. Mapafu yake hayakuwa yameiva. Hakuna aliyefanya kosa. Alikuja mapema tu. Dada hakulia mbele ya watu. Alirudi kwa mumewe Gatsata, ambako mume alikuwa na kibanda cha kutengeneza magari, akapika chakula cha jioni.

Safari hii alilazwa kwa sababu ya presha. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinamgonga, na kila mtu wodini alijua neno ambalo hatukulitamka, kifafa cha mimba. Daktari alinieleza kwenye korido, kwa sauti ya chini.

"Nikimwacha, presha inaweza kumuua yeye. Nikimtoa mtoto mapema, tunaweza kurudia ya mara ile. Kadi yake inasema miezi minane. Kwenye picha ya ekografi mtoto anaonekana mdogo kwa miezi minane, lakini presha nayo hudumaza mtoto. Sijui niamini kipi. Laiti ningekuwa na ile mashine." Akanigusa bega. "Kesho nitamtoa maji kidogo ya uzazi kwa sindano. Mtapima povu."

Kipimo cha povu ni kitu rahisi hadi kinatisha. Mapafu ya mtoto yanapokomaa hutengeneza utelezi fulani unaoyazuia yasigandamane mtoto anapotoa pumzi. Utelezi huo humwagikia kwenye maji anamoogelea. Ukichukua maji hayo, ukayachanganya na alkoholi kali kwa kiasi sawa, ukatikisa, ukaacha robo saa, povu likibaki limezunguka mrija wote, mapafu yako tayari. Lisipobaki, hayako tayari. Basi. Nchi nyingine wana bomba la sumaku, sisi tulikuwa na robo saa na macho.

Sasa mirija. Mzee aliiweka mirija ya kipimo hicho peke yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Mchana ule, siku moja kabla ya kipimo, alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuzika jirani yake, na angerudi kesho yake mchana. Nililishusha kopo. Mirija ilikuwa na ukungu, kama glasi zilizokauka bila kufutwa. Nikashtuka. Dada yangu apimwe ndani ya kioo kama hiki? Nikafikiria vumbi. Nikafikiria damu ya mtu mwingine. Nikafikiria kwamba mzee amezeeka na haoni tena. Nikateremka hadi dukani, nikanunua sabuni ya unga ya kufulia, nikaiosha ile mirija yote mara tatu, kwa brashi, nikaisuuza, nikaipanga juu ya kitambaa ikimetameta kama vyombo vya harusi. Nilirudi Kimisagara nikijisikia mtu mzima.

Asubuhi Daktari alinipa yale maji kwa mkono wake. Yalikuwa kidogo, rangi ya chai nyepesi. Kwa kuwa mimi ni mimi, sikuyatumia yote. Nusu niliyafunga na kuyaweka kwenye friji, nikijiambia huenda mrija ukavunjika, huenda umeme, huenda chochote. Nikatikisa. Nikaangalia saa. Pete ya povu ilisimama. Nikarudia kwa mrija wa pili, pete ikasimama vilevile, nene zaidi.

Daktari alikuja, akauinua mrija kwenye mwanga, akapumua kwa nguvu. "Vizuri. Kesho saa mbili asubuhi nampasua. Nenda kamwambie dada yako."

Dada alikuwa amelala kwa ubavu. Mama mkwe wake alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono juu ya mkoba, kama alivyokaa kila siku.

"Mapafu yamekomaa," nilisema. "Kesho."

Dada aliinua kichwa. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akamtazama mama mkwe, akageuka ukutani. Mama mkwe ndiye aliyeinua mikono. "Alhamdulillahi! Nilisema mimi, miezi minane mtoto ni mtu."

Nilidhani dada anaficha machozi ya furaha.

Mzee alirudi alasiri, viatu vimejaa udongo mwekundu wa makaburini. Nilimsimulia. Alifurahi kweli, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akainua macho juu ya kabati.

"Kopo yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo, mzee. Niliisafisha mirija. Ilikuwa chafu."

"Uliisafisha na nini?"

Alichukua mrija mmoja, akauleta puani.

"Inanukia shati ya siku kuu," alisema.

Alifungua bomba, akatia maji kidogo ndani ya mrija, akatia alkoholi kiasi kilekile, akaweka kidole gumba juu, akatikisa. Hakuyatoa macho kwangu. Akauweka kwenye kibao, tukasimama. Robo saa nzima tulisimama, mzee na mimi, tukitazama maji ya bomba. Povu halikushuka. Lilizunguka mrija wote, jeupe, halikatiki popote.

"Lisansie," alisema mzee, "hata bomba iko na mimba. Na mtoto yake amekomaa. Kimbia umwambie Dogiteri aipasue."

Ulikuwa mzaha wake, lakini hakucheka. Mimi nikaketi sakafuni. Ile mirija ilikuwa na ukungu kwa sababu haikuguswa na sabuni miaka yote. Aliisuuza kwa maji yake ya maabara, akaichemsha, akaikausha chini juu, kwa sababu tone moja la sabuni linatosha kutengeneza povu la uongo. Hakuniambia kwa kuwa aliamini mtu mwenye lisansi anajua. Sikumuuliza kwa kuwa mtu mwenye lisansi haulizi.

"Simama," alisema. "Kulia utalia kesho."

Simu ya maabara ilikuwa haifanyi kazi wiki nzima. Daktari alikuwa ameondoka kupumzika kabla ya upasuaji, na nyumba yake ilikuwa Kiyovu. Nilikimbia. Njiani kichwa changu hakikuacha kazi yake. Nikimwambia, nitafukuzwa. Nikinyamaza, mbavu za mtoto zitazama kama za yule wa pili. Na kama nikimwambia, akaahirisha, na dada akashikwa na kifafa, nani atakuwa amemuua? Mimi tena. Na kama mapafu yamekomaa kweli, na sabuni imesema kweli kwa bahati? Niliwahi kusimama kabisa, pembeni ya ukuta wa nyumba moja kubwa, kwa sababu ya wazo hilo la mwisho. Gari lilinipigia honi. Nikaendelea.

Mlinzi aliniruhusu kwa sababu ya koti langu jeupe. Daktari alikuwa bustanini amevaa kaptula, akimwagilia maua kwa mpira. Sikuwahi kuyaona magoti yake. Nilianza kusema nikaanza tena.

"Polepole," alisema. "Sabuni gani?"

"Ya unga, Daktari. Ya nguo."

Alibaki ameushika ule mpira. Maji yalimwagikia viatu vyake vya mpira, yakajaa, yakamwagika kando, naye hakuona.

"Kesho saa mbili," alisema, kama anayejisomea, "ningemfungua mwanamke tumbo kwa sababu ya sabuni ya nguo."

"Ndiyo, Daktari."

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee wa maabara."

"Ungeweza kunyamaza."

Nilitamani anitukane. Badala yake aliuliza swali ambalo sikulitegemea. "Yale maji uliyatumia yote?"

Nikakumbuka friji. Nilipomwambia nusu ipo, alifunga maji na kuingia ndani kuvaa suruali.

Mzee alikuwa ametungoja. Alikuwa na mirija mingine minne, mipya, imefungwa kwa karatasi ndani ya droo yake yenye kufuli. Kabla ya yote alijaribu mmoja kwa maji matupu, na povu likapotea mara moja. Kisha akachukua maji ya dada yangu. Alitikisa yeye, si mimi. Vipovu vilipanda, vikasimama kidogo, vikaanza kupasuka kimoja kimoja. Kabla robo saa haijaisha maji yalikuwa bapa kama chai iliyosahauliwa mezani. Hakukuwa hata na kipovu kimoja.

Nilikuwa nimeshtuka alasiri, lakini ule ulikuwa mshtuko wa aibu. Huu ulikuwa mwingine. Niliona saa mbili ya kesho yake jinsi ambavyo ingekuwa, na saa zilizofuata, moja baada ya nyingine, hadi adhuhuri.

Daktari alikwenda moja kwa moja wodini, mimi nyuma yake. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Alimwomba mama mkwe atoke, kwa heshima, akamwomba na muuguzi pia. Muuguzi yule alikuwa jirani ya mama mkwe huko Gatsata. Walipotoka, Daktari alifunga mlango.

"Mama," alimwambia dada yangu, "hii mimba ni ya miezi mingapi? Sitaki ya kwenye kadi."

Dada alinitazama mimi.

Kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke hahesabu miezi kwa sauti, hanunui hata kofia ya mtoto, na akiulizwa siku hujibu siku nyingine. Nililijua hilo tangu utotoni, kama kila mtu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulipeleka hadi hospitali.

"Saba," alisema dada. "Haijatimia hata. Niliongeza mmoja tangu mwanzo. Wale wa kwanza wawili niliwatajia watu siku zao za kweli, mkaona yaliyotokea. Nikasema huyu, mwenye nia mbaya aingoje siku isiyo ya kweli, achoke, apite. Na siku ya kuandika kadi mama mkwe alikuwa amekaa palepale, na muuguzi ni jirani yake. Ningesema nini?"

"Lakini leo asubuhi nilikwambia kesho unapasuliwa!" Sauti yangu ilipanda. "Ulinyamaza!"

"Wewe ndiye uliyesema mapafu yamekomaa. Wewe ndiye uliyesoma. Nikadhani labda ninyi mmeona ndani." Alijifunika uso kwa kanga. "Usiku wa leo nilikuwa niamue kama nitasema au nitanyamaza."

"Dada, hatukuona ndani. Ilikuwa sabuni."

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kanga ikiwa bado usoni. Kisha akaiteremsha hadi chini ya macho tu.

"Kwa hiyo wewe kwa sabuni yako, na mimi kwa mdomo wangu," alisema. "Mdogo wangu, tulikuwa tunamuua sisi wawili, na sote tunampenda."

Daktari aligeuka dirishani. Sijui kama alikuwa anafikiri au vipi. Alipotugeukia alikuwa na mpango. Sindano za kuyaharakisha mapafu, dawa ya presha, chumba chenye giza na utulivu, na kungoja kila siku inayoweza kungojwa. Kadi aliiacha kama ilivyo, na mama mkwe akaambiwa tu kwamba kipimo kilikosewa. Umri wa kweli aliuandika kwenye daftari lake mwenyewe.

Tulingoja siku kumi na tisa. Nilikuwa nikipanda kumpima mkojo asubuhi na jioni, na kila mara nilipima mara mbili, na mzee akapima ya tatu bila kuniomba ruhusa. Juu ya kopo aliandika kwa kalamu nene: SABUNI HAPANA. LISANSIE PIA HAPANA. Barua yangu ya kuajiriwa haikuja mwezi ule wala uliofuata, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza kwa nini.

Siku ya kumi na tisa presha ilipanda na haikushuka. Walimwingiza chumba cha upasuaji saa sita mchana. Mimi, shemeji yangu mwenye mikono ya grisi, na mama mkwe tulisimama nje ya mlango wa bati. Nilisikia vyuma. Nilisikia Daktari akisema neno kwa Kifaransa. Halafu kikaja kimya, na katika kimya kile niliziona zile mbavu, nikaanza kuhesabu, nikafika kumi na nne.

Mlio uliotoka haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama paka aliyekanyagwa mkia, ukakatika, ukaja tena, wenye hasira. Nilishtuka kana kwamba sikuwahi kujua kwamba watoto hulia. Shemeji alikaa chini palepale. Muuguzi alipita na kifurushi mikononi, nami nilichungulia kifua tu, sikuona uso. Kilipanda, kikashuka, bila kuzama.

Mama mkwe alimfunua, akampima kwa macho, akakunja kipaji. Kisha akanigeukia mimi, msomi wa familia.

"Mbona mdogo hivi? Kwani alikuwa wa miezi mingapi?"

Mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo. Dada alikuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho nusu yamefumba, lakini yalikuwa kwangu.

"Mimi sijui, mama," nilisema. "Hayo wanajua wanawake."